Nakala ya Saa Tatu Kasorobo

Jumamosi, alasiri. Joto. Upepo hakuna.

Wingu limekaa juu ya mji tangu asubuhi. Halinyeshi, haliondoki. Mama ameanua mlenda wake mara mbili na kuuanika tena mara mbili, maana haliamini.

Mimi wiki hii sikumwamini mtu yeyote. Nilianza na mashine, nikaja kwa rafiki yangu, na sasa nimefika mahali pabaya zaidi. Nataka niandike yote kwa mpangilio yalivyotokea, bila kujipendelea. Nikijipendelea, wewe shajara utajua, na wale watu wanne wanaosoma hapa mtandaoni watajua pia, kwa sababu mmoja wao ni dada yangu.

Niko kidato cha tatu. Shuleni kwetu kuna Klabu ya Jiografia, tuko wasichana kumi na watatu. Kila asubuhi mmoja wetu anakwenda nyuma ya stoo kusoma kipimamvua na kuandika kilichomo. Hapa kwetu maana yake ni kwamba tunaandika sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri, halafu siku moja milimita thelathini kwa mpigo, halafu sifuri tena. Tumefanya hivyo miaka mitatu, tukipokezana na dada zetu waliomaliza. Madaftari yenyewe yaliliwa na mchwa stoo. Kwa hiyo namba zote zilibaki mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya zamani iliyo maabara, ndani ya folda inayoitwa mvua_miaka_mitatu.

Wiki mbili zijazo tunazipeleka kwenye maonyesho ya mkoa. Jumatatu Mwalimu Ndahani, mlezi wa klabu, alinitaja mimi kuwa msemaji.

Alhamisi folda haikuwepo.

Ijumaa, yaani jana, nilimwelekeza Mwalimu kwa Salma.

Salma ni katibu wa klabu, na ni rafiki yangu tangu tulipokuwa kidato cha kwanza na sare zetu zinaburuza chini. Yeye ndiye aliyekuwa anashika ufunguo wa maabara. Watu wengi walidhani msemaji atakuwa yeye, kwa sababu anaongea vizuri mbele za watu. Mimi nikisimama mbele za watu magoti yananicheza. Jumatatu jina langu lilipotajwa, nilimtazama. Alipiga makofi, lakini alichelewa kidogo. Niliihesabu ile nafasi. Jumanne hakukaa karibu nami wakati wa uji. Jumatano jioni getini aliniambia, "Nyemo, nina jambo lako. Utaliona kesho," akacheka, akaingia kwenye bajaji.

Kesho yake folda ikapotea.

Ukishaanza kushuku, kila kitu kinajipanga chenyewe. Nilikumbuka hata peni yangu aliyoazima mwaka jana na hakuirudisha.

Sasa nieleze mashine. Kompyuta ile haina mambo mengi ya kubofya. Mwalimu alitufundisha kutumia dirisha jeusi, ambalo unaandika amri kwa maneno na mashine inatii. Napenda sana dirisha lile. Halikupambi wala halikubembelezi. Ukikosea linakwambia umekosea, na ukikosea kwa ufasaha linatii kosa lako papo hapo. Kile unachofuta humo hakiendi kwenye pipa la taka. Kinaondoka.

Ndiyo maana Mwalimu aliweka bakapu. Kuna diski ya nje imefungiwa kwenye kabati, waya unapita kwenye tundu. Kompyuta ikiwashwa, baada ya robo saa na kisha kila nusu saa programu inachukua nakala ya kila kitu na kuiweka kwenye ile diski, ikiandika tarehe na saa. Ukitaka kurudisha faili, unaandika amri ya kuorodhesha nakala, unachagua moja, unaangalia kilichomo, halafu unaagiza kirudishwe. Mwalimu alitukaririsha kama sala: kwanza orodhesha, pili angalia, tatu rudisha pembeni, usirudishe kamwe juu ya kilichopo.

Jana mchana alinituma mimi niangalie nakala, klabu nzima ikiwepo. Salma alikuwa amekaa dawati la nyuma, anatazama.

Hapa kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumatano mchana mimi nami niliingia maabara, nikikuta mlango haujafungwa. Diski ya kompyuta ilikuwa inakaribia kujaa, nikafuta folda ya majaribio, ile tuliyochezea namba za uongo tulipokuwa tunajifunza kuchora grafu. Nilikuwa na hakika nimefuta hiyo tu. Karibu hakika.

Nikaorodhesha. Nikafungua nakala ya mwisho ya Jumatano, imeandikwa 09:15. Folda ya mvua haikuwemo. Nikarukia 08:45. Haikuwemo. Nikafungua 08:40. Imo! Basi ilifutwa kati ya saa mbili na dakika arobaini na saa tatu kasorobo, asubuhi. Na Jumatano asubuhi mkondo wa kina Salma wana vipindi viwili vya kujisomea. Alikuwa maabara peke yake, anaingiza namba za wiki.

Asubuhi. Mimi niliingia mchana.

Sitasahau jinsi nilivyofarijika. Ilikuwa kama kunywa maji ya mtungi baada ya paredi. Na nikiwa bado nayasikia yale maji kifuani, nikageuka nikasema kwa sauti, wote wanasikia, "Mwalimu, imefutwa Jumatano saa tatu kasorobo asubuhi."

Mwalimu hakupiga kelele. Alimtazama Salma muda mrefu, akanyoosha mkono. Salma akasimama, akavua ufunguo shingoni, akauweka kwenye kiganja chake. Wengine kumi na mmoja walikuwa wanaangalia. Mmoja akanong'ona, "Kumbe wivu," na mimi sikumkanya. Mwalimu akanipa mimi ufunguo, akaniambia leo nije nirudishe mafaili kwa utulivu.

Salma alinipita mlangoni.

Nililala vizuri. Nalo naliandika.

Leo asubuhi nikaenda shuleni. Mlinzi wetu, Mzee Matonya, alikuwa anakunywa chai getini.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo mnafanya mtihani? Jumamosi hii?"

"Narudisha mafaili yaliyopotea."

"Yalikwenda wapi?"

"Yamefutwa, babu."

"Basi ukiyapata uyachape," akasema, akanywa chai yake.

Nikakaa mbele ya dirisha jeusi peke yangu. Nikaorodhesha nakala za Jumatano, safari hii zote, kwa sababu nilitaka nirudishe ile ya mwisho kabisa ambayo folda imo. Zilikuwa tano: 08:10, 08:40, 08:45, 09:10, 09:15.

Nikazifungua moja moja kama tulivyofundishwa. Ya 08:10, folda imo. Ya 08:40, imo. Ya 08:45, haimo. Ya 09:10...

Imo.

Ya 09:15, haimo.

Nilirudia mara tatu. Folda inapotea, inarudi, inapotea tena. Nikafikiri diski imeharibika. Nikafikiri Salma aliifuta, akajuta, akairudisha, akajuta kujuta. Ndiyo, nilifika huko. Nilikuwa tayari kuamini kwamba rafiki yangu ni kichaa kabla sijaamini jambo jingine lolote.

Halafu nikaona dakika. Programu inachukua nakala kila nusu saa. Nane na kumi, nane na arobaini, tisa na kumi: hizo zinafuatana sawasawa. Nane na arobaini na tano, tisa na kumi na tano: hizo nazo zinafuatana sawasawa. Ni safu mbili tofauti. Mashine iliwashwa mara mbili, na mara zote mbili ilidhani ni asubuhi.

Jana nilizifungua tatu. Ile ya 09:10 sikuigusa. Nilikuwa nimeshapata nilichokuwa nakitafuta.

Kompyuta ile betri yake ndogo ya ndani imekufa. Umeme ukikatika inasahau tarehe na saa, na anayeiwasha ndiye anayeiwekea upya kwa mkono kabla ya kufanya jambo lolote. Jumatano umeme ulikatika saa sita, ukarudi nikiwa mlangoni. Niliiwasha mimi. Maabara haina saa ya ukutani, na simu haturuhusiwi. Nikachungulia dirishani nikamwuliza Mzee Matonya, "Babu, saa ngapi?"

"Saa nane na nusu," akajibu.

Na mimi nikaandika 08:30.

Mimi! Mimi ambaye tangu darasa la tatu najua kwamba saa nane mchana kwenye mashine ni kumi na nne. Nimewafundisha kidato cha kwanza kwa kuwachorea duara mbili ubaoni. Lakini mzee alisema nane, na vidole vikaandika nane, kama vile ningeandika nane nyumbani kwenye karatasi ya Mama. Jana niliposoma 08:45 nikaisoma kwa usomi wangu wote, saa tatu kasorobo asubuhi, bila kukosea hata dakika. Kumbe ilikuwa saa tisa kasorobo alasiri. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti hiki hiki.

Alhamisi umeme ulikatika tena na Salma ndiye aliyeiwekea saa, akaiweka sawa. Kwa hiyo hakuna aliyeona.

Nilibaki na jambo moja la kuthibitisha, na nilichelewa kulifanya. Dirisha jeusi linakumbuka amri za nyuma. Unabonyeza mshale wa juu, zinarudi moja moja, mpya kwanza. Alhamisi ningeweza kubonyeza. Jana pia. Leo nilibonyeza huku nikiwa nimefumba jicho moja. Amri za jana zikapita, za Alhamisi zikapita, halafu ikaja:

rm -r mvua_m*

Ni amri ya kufuta. Folda ya majaribio inaitwa mvua_majaribio. Nikaona uvivu kuandika jina zima, nikaandika mwanzo wake na kuweka nyota, na nyota maana yake ni chochote kinachoendelea. Mvua_majaribio inaanza na mvua_m. Mvua_miaka_mitatu nayo inaanza na mvua_m. Nyota haichagui. Zikaondoka zote mbili, na dirisha halikusema neno.

Sikulia. Nilitazama ufunguo ulioning'inia shingoni kwangu, nikauvua nikauweka mezani.

Halafu nikafanya kazi niliyotumwa. Nikaagiza nakala ya 09:10 irudishwe pembeni, kwenye folda tupu. Mistari ikashuka, faili baada ya faili, mwezi baada ya mwezi, sifuri zetu zote zikarudi. Nilihesabu miezi. Thelathini na sita, hakuna uliopungua.

Palikuwa na faili moja zaidi, ambalo silijui. Liliundwa Jumatano asubuhi, kipindi cha kina Salma. Linaitwa maelezo_ya_nyemo.

Nikalifungua. Ni kurasa mbili. Ameniandikia hotuba ya maonyesho, sentensi fupi fupi ili nisiishiwe pumzi. Pembeni ameweka maelekezo: hapa nyamaza uwatazame. Hapa onyesha grafu, usiwape watu mgongo. Usiseme "yaani" kila sentensi, mimi nakupenda lakini majaji hawakujui. Magoti yakicheza shika meza, meza ndiyo kazi yake.

Nina jambo lako. Utaliona kesho.

Nikauchukua ufunguo, nikafunga maabara, nikatembea hadi Majengo, mtaa wa kina Salma, bila kusimama.

Baba yake Salma anauza nafaka karibu na soko, mtama, ulezi na alizeti, na nyumba yao iko nyuma ya duka. Mama yake alikuwa anapepeta.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu. Mwenzio yuko uani. Tangu jana ana hasira hata kuku wanamkwepa. Sijui mmemfanya nini huko shuleni." Akanitazama. "Wewe unajua?"

Nikasema, "Najua, mama," na nikapita.

Salma alikuwa anashona mdomo wa gunia kwa sindano kubwa. Hakuinua kichwa.

"Mpelelezi amefika," akasema. "Anza na magunia ya kushoto. Folda nimeificha kwenye ulezi."

"Salma, ilikuwa saa."

"Saa imefanyaje?"

Nikamweleza. Mzee Matonya, saa nane na nusu, nakala tano, safu mbili. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama naeleza ubaoni. Nilipofika kwenye 08:30 mdomo ulimcheza.

"Uliandika nane? Wewe? Unayemsahihisha mpaka mwalimu wa Kiingereza?"

"Niliandika nane."

Akacheka, mara moja tu, kwa pua. Nikadhani tumemaliza. Nikacheka nami. Akaacha.

"Na nani alifuta?"

Ona nilivyo, shajara. Nilikuwa nimeongea dakika tano na hilo nilikuwa sijalisema.

"Mimi."

Alivuta uzi, akaukata kwa meno. "Kwa hiyo saa ndiyo iliyosimama jana maabara ikageuka kumtafuta Mwalimu? Mwenzetu aliposema wivu, saa ndiyo iliyonyamaza?"

"Hapana."

"Ungeniuliza, Nyemo. Nilikuwa nimekaa nyuma yako, hatua tatu. Ungesema tu, Salma, uligusa hii folda? Mimi ningekwambia hapana, ungekubali?"

Nilitaka kusema ndiyo. Sikuweza, kwa sababu jana nisingekubali.

"Nimeona maelezo uliyoniandikia," nikasema.

"Hayo nayo yafute," akasema. Halafu akaongeza, "Ufunguo nilivuliwa mbele ya watu kumi na mmoja. Ukisema, sema mbele ya hao hao. Ukiniletea pole ya uani, sina mahali pa kuiweka." Akanisukumia gunia. "Shika huku, linaanguka."

Nikashika. Tulishona magunia manne. Nilipoaga, alisema "haya" peke yake, na mama yake akanipa ulezi kidogo kwenye mfuko nimpelekee Mama. Niliuchukua na aibu yangu yote.

Nimerudi nyumbani, nimeazima simu ya Mama, nimempigia Mwalimu Ndahani. Nilimwambia kila kitu, na safari hii nilimwambia na nyota. Akasema mafaili yamerudi, la muhimu ni hilo. Jumatatu atamrudishia Salma ufunguo wake taratibu, na klabu atawaambia mashine ilichanganya saa. Mimi nisijisumbue, nijiandae na maonyesho, nisije nikaharibu utulivu wangu.

Alisema kwa upole. Ni mwalimu mwema, na naona ananilinda.

Kwa muda kama wa dakika moja, nilifarijika. Yale maji ya mtungi tena, ladha ile ile ya jana. Ndipo nikaogopa. Sasa nayajua.

Na mashine kweli ilichanganya saa. Haitakuwa uongo. Hilo ndilo linalonitisha. Jana pia sikusema uongo hata mmoja. Nilisoma kilichoandikwa, nikakisema kwa sauti, na rafiki yangu akavuliwa ufunguo.

Basi sijishuku tena kuhusu nyota wala kuhusu nane na nusu. Hayo ni makosa ya vidole, mtu yeyote angeweza. Ninachokishuku ni kwa nini sikuifungua ile nakala ya 09:10. Ilikuwa mbele ya macho yangu, amri moja tu. Nadhani sikutaka iwe nimekosea mimi, na kwa kuwa sikutaka iwe mimi, nilihitaji iwe mtu. Salma alikuwa karibu zaidi. Labda kweli palikuwa na wivu mle maabara, ila ulikuwa wangu, wa mtu aliyepewa nafasi na bado anamwogopa asiyepewa kwa sababu anajua yule mwingine angeiweza zaidi.

Nimempigia Mwalimu mara ya pili. Nimemwomba dakika mbili Jumatatu, kabla ya klabu kuanza, na ufunguo niukabidhi mimi, mkononi kwa Salma, wote wakiona. Akauliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Akasema haya, dakika mbili.

Kuhusu kusimama kwenye maonyesho sijaamua. Hilo nitamwuliza Salma, akikubali kuulizwa jambo nami.

Sentensi yenyewe ninayo, ni fupi, haina hata "yaani" moja. Nimeisema chumbani mara sita. Lakini mara nne kati ya hizo sita, nimejikuta nimeanza na umeme kukatika.

Jumatatu, wenzangu kumi na wawili wakinitazama, nitaanza na "mimi", au nitaanza na "saa"?